Baba alisema "sawa," lakini hatuzungumzi

Mpendwa Shangazi,

Nina miaka 29, ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari Kampala. Usinicheke, lakini shida yangu ni maneno. Nalipwa kufundisha watoto wa watu kuzungumza, na mimi na baba yangu mzazi hatujaelewana tangu Juni.

Baba ni Mlugbara wa Arua, mama alikuwa Mnyoro wa Masindi. Walikutana katika kambi ya jeshi, tukazaliwa kambini wote wanne, na lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Mama alifariki 2017. Baba alikuwa askari wa mizinga. Alipostaafu alinunua kiwanja nje kidogo ya Bombo, na sasa anaishi huko na mdogo wetu wa mwisho, kuku wake, na redio ambayo ukishuka tu kwenye boda unaisikia ukiwa bado barabarani.

Nimepata mchumba. Ni Muganda, fundi wa umeme, mtu mtulivu. Watu wake wanataka kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa binti, mwishoni mwa Desemba, wakaniomba tarehe. Mimi nina ndugu Arua, Masindi, Kampala na kaka mmoja Juba. Nikaona njia ya haraka ni grupu ya familia ya WhatsApp, nikarekodi ujumbe wa sauti. Nakuandikia kama ulivyokuwa, kwa sababu nimeusikiliza mara nyingi hadi nimeukariri:

"Wapendwa wanafamilia, natumaini mu wazima. Ningependa kuwafahamisha kwamba hafla ya utambulisho inatarajiwa kufanyika tarehe 27 Desemba nyumbani Bombo, endapo itawaridhia wote. Maelezo zaidi yatatolewa na kamati ya maandalizi. Naomba ushirikiano wenu."

Dada alituma mioyo. Kaka akaandika hongera. Jioni baba akaandika neno moja: "Sawa."

Nilifurahi, Shangazi. Nikawaambia watu wa mchumba wangu kwamba mzee amekubali. Wakalipa malipo ya kwanza ya mahema, nami nikapeleka kitambaa cha gomesi kwa fundi.

Tangu hapo nikimpigia simu ni "Eee. Sawa. Sawa. Salimia watu," halafu anakata. Namuuliza kama amekula, ananijibu kuku ni wazima. Julai nilimuuliza kama tumwalike rafiki yake mmoja wa zamani wa jeshini, akasema sawa. Wiki mbili baadaye nikasikia amemwambia baba mdogo hajui habari ya mgeni yeyote. Baba mdogo akanipigia: "Wewe binti, siku hizi mnajioza wenyewe?"

Septemba nikaenda. Nilimkuta chini ya mwembe anamenya muhogo, redio iko juu ya kigoda upande wake wa kulia. Nikapiga magoti mbele yake nikamsalimia, akacheka, akauliza habari za safari. Nikakaa mkekani pembeni yake, nikachukua kisu cha pili nimsaidie. Huku namenya nikamweleza kila kitu: tarehe, mahema, idadi ya watu, nani atapika. Nilipomaliza nikainua uso, akapandisha nyusi, ile ndiyo yetu ya siku zote. Kikapita kimya. Kisha akauliza, "Kampala mvua nanyesha?"

Ilikuwa kama amenimwagia maji baridi. Nikapaza sauti: "Baba, kwani hutaki?"

Akaweka kisu chini. Akasema, "Hiyo maneno ya simu, mimi hapana taka." Akaondoka kwenda kufungia kuku, na jua lilikuwa bado juu.

Rafiki yangu alihudhuria semina kazini kwao. Anasema walifundishwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni asilimia 7 tu, kwa hiyo kule kuondoka ndiko jibu: baba ameikataa ndoa. Mchumba wangu anataka tuendelee, baba mdogo akae kwenye kiti cha baba. Baba mdogo amekubali, tena haraka kuliko nilivyotegemea. Kaka anasema tuahirishe. Mimi naogopa kurudi Bombo.

Kitu kimoja kinanisumbua, sijui hata kama kinahusika. Nilipoanza sekondari nilikuwa namsahihisha baba mbele ya wageni. Akisema "hapana taka" mimi nasema "sitaki, baba, ni sitaki." Siku hizo alikuwa akicheka.

Niendelee na baba mdogo, au niahirishe?

Mwalimu Asiyesikilizwa, Kampala

*

Mwanangu,

Umenifanya nisome barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilishika penseli. Unaniuliza habari ya kiti: tarehe 27 akikalie nani. Lakini ukiisoma barua yako kama mtu wa nje utaona kiti kinatokea mwishoni tu. Kurasa zote zilizotangulia ni neno moja la herufi nne, sentensi moja chini ya mwembe, na miezi hii yote ambayo umekuwa ukiyatafutia maana peke yako, Kampala.

Tuanze na hilo "sawa." Mwenye duka akikuambia sawa, bei imekubalika. Askari akimwambia mkubwa wake "sawa, afande," hajakubali chochote, amepokea amri na huenda moyoni anaisonya. Mzee aliyechoka na simu anasema sawa ili umwachie. Na yuko mwingine tunamsahau: aliyeuliza "unasemaje?" mara mbili, hakusikia, akaona haya kuuliza ya tatu. Huyo naye husema sawa. Sawa hizi nne zinaandikwa vilevile. Wewe ulichukua ya mwenye duka ukawapelekea watu wa mahema. Sikulaumu, ndiyo uliyokuwa ukiingoja.

Mwaka 1948 mhandisi Mmarekani, Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za simu za Bell, alichapisha mchoro ambao wanafunzi wa mawasiliano wanaukariri mpaka leo: chanzo cha ujumbe, kifaa cha kuutuma, njia, kelele zinazoingia njiani, kifaa cha kuupokea, mwisho wa safari. Aliutengeneza kwa ajili ya simu na telegrafu, na mwenyewe alisema waziwazi kwamba maana ya ujumbe haikuhusu kazi yake ya uhandisi. Mishale yake yote inaelekea upande mmoja. Kwa waya, mchoro huo unatosha. Mwaka 1954 mtaalamu wa mawasiliano Wilbur Schramm aliukunja ukawa duara: anayepokea naye anatuma, na kile anachokurudishia ndicho kinachokuonyesha kilichofika kwake. Akaongeza kwamba kila mtu anafasiri kwa yale aliyoyaishi, na kwamba watu wawili wanaelewana pale maisha yao yanapogusana.

Ujumbe wako wa Juni ulikuwa wa Shannon. Ulitoka, ukafika kwenye simu, alama za buluu zikawaka. Hebu nao tuusome pamoja, maana kama umeukariri basi na wewe kuna kitu unakitafuta humo. Nimetafuta neno "Baba." Halimo. Nimetafuta jina la mchumba wako. Halimo. Kuna "kamati ya maandalizi," ambayo mzee hajawahi kuisikia, itakayotoa maelezo kuhusu sherehe nyumbani kwake. Na kuna "utambulisho." Mwanangu, mtu aliyetumikia jeshi akisikia utambulisho, cha kwanza kumjia kichwani kinaweza kuwa gwaride la utambulisho, mnapopangwa mstari shahidi aje kuonyesha mwizi kwa kidole. Nacheka, unisamehe. Ungesema "Baba, kijana wangu na watu wao wanataka kuja kukuona," angejua ni nini kwa lugha yoyote.

Naona hapa ndipo palipo pagumu kwako, kwa sababu Kiswahili ni kazi yako. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Riziki yako iko hapo, na ni halali. Lakini Kiswahili cha mzee hakikutoka katika kitabu. Ni kile cha makambi, kilichoshikwa na askari wa makabila tofauti tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, kwa sababu walihitaji kuelewana haraka, na "hapana taka" ndiyo sarufi yake. Kwa lugha hiyo alipokea amri na kutoa amri. Kwa lugha hiyo hiyo alimpata Mnyoro wa Masindi. Unasema siku hizo ulipomsahihisha alikuwa akicheka. Mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini? Siulizi ili ujilaumu. Nauliza kwa sababu mtu anayejua kila sentensi yake itapewa maksi hujifunza kutumia sentensi fupi, na hakuna fupi kuliko sawa.

Kuhusu asilimia 93 za rafiki yako: namba hiyo inazunguka kwenye semina kama noti bandia. Asili yake ni majaribio mawili ya Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ya mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja lililorekodiwa kwa sauti tofauti, na katika jaribio moja wakaonyeshwa na picha za nyuso, wakaulizwa kama msemaji anaonyesha kupenda au kuchukia. Neno mojawapo lilikuwa "huenda," kwa Kiingereza. Uso na sauti vilizidi neno, jambo ambalo si ajabu: utajuaje hisia za mtu aliyesema "huenda" basi? Mehrabian mwenyewe alisisitiza kwamba hesabu hiyo inahusu hisia za kupenda na kutopenda peke yake. Maneno yangekuwa asilimia 7 kweli, ungekwenda soko la Arua bila neno hata moja la Kilugbara ukarudi na umbea wote wa mji. Kwa hiyo mzee kuinuka ni kweli kulisema kitu. Kukataa ndoa, hilo limeongezwa na rafiki yako.

Sasa nakuja kwenye mambo uliyoyapita mbio, yale niliyoyapigia mstari. Redio inasikika barabarani. Umemuuliza chakula, amejibu kuku. Alikubali mgeni Julai kisha hamjui. Umemaliza kueleza harusi, anauliza mvua. Na mapema kabisa, kama jambo lisilo na uzito: alikuwa wa mizinga.

Mimi si daktari, na sijamwona mzee. Lakini milio ya mizinga na bunduki huharibu masikio, na mara nyingi zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba. Mtu wa namna hiyo anasikia vizuri kwamba unaongea. Irabu zako, a na o na u, zinamfikia. Zinazopotea ni s, f, sh, t, yaani zile zinazotenganisha neno na neno. Sauti za wanawake na watoto humtesa zaidi. Simu ya kawaida nayo inaongeza mzigo, kwa kuwa ilipangwa kubeba mitetemo kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya s na f iko juu ya hapo. Ndiyo maana hata sisi wenye masikio mazima tunatajiana majina herufi kwa herufi.

Kaka yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Jinja. Kwa miaka miwili tulimwona amekuwa na maringo, haitikii salamu za nyuma, akikaa na watu anatazama tu. Mke wake alikwishaanza kuhesabu nguo zake. Siku moja mtoto alimwaga sufuria ya mifuniko nyuma yake, sote tukaruka, yeye akaendelea kunywa chai. Nilijiona mdogo sana siku ile.

Rudi sasa chini ya mwembe, utazame kama picha. Uliposalimia ulikuwa umepiga magoti mbele yake, uso kwa uso, na salamu anaijua kabla hujafungua mdomo. Akacheka. Kisha ukakaa pembeni, redio inanguruma, macho yako yako kwenye kisu, na midomo yako hakuiona. Hapo ulipoteza kila kitu, kama sikosei. Ukainua uso, akaona unangoja jibu, akakupa nyusi. Sisi Waganda na wasio Waganda wa nchi hii nyusi zinatutosha, mgeni akija anauliza swali mara tatu huku tumeshamjibu. Lakini nyusi, kama sawa, zinapatikana hata kwa asiyejua ameulizwa nini. Halafu ukapaza sauti. Hilo alilisikia, na hilo ndilo alilolijibu.

Akajibu nini? "Hiyo maneno ya simu, mimi hapana taka." Wewe umesikia: sitaki ndoa. Inawezekana. Mimi nikiisoma polepole nasikia pia: sitaki mambo makubwa kama haya niambiwe kwenye simu pamoja na watoto wengine. Nasikia na ya tatu: simu inanishinda, na sitasema kwa nini. Umeishi na sentensi hiyo tangu Septemba bila kumuuliza "simu kwa vipi, baba?" Najua kwa nini. Mtu ambaye hajajibu hajakataa bado, na katika ukungu huo mahema yanaendelea kulipwa. Niambie kama nimekosea.

Nisije nami nikafanya ulichofanya, nikachagua maana moja nikaisambaza. Pengine masikio yake ni mazima kabisa na ameumia kweli, kwa sababu tarehe ya binti yake aliipata wakati mmoja na mtoto wa Juba. Pengine amepungukiwa masikio na ameumia pia, hayo hayapingani. Pengine hamtaki huyo fundi wa umeme, ambaye katika barua yako yote sioni mahali alipoketi na mzee wakanywa hata chai. Na kuna nyumba yenye mjane, redio na kuku, ambayo binti anaondoka. Hilo wanaume wengi hawana neno lake katika Kiswahili chochote.

Baba mdogo. Tarehe 27 inaweza kupita vizuri naye, watu wakala, picha zikapendeza. Umeona mwenyewe kwamba amekubali haraka, na kama mambo ya hao ndugu wawili yana historia, wewe unaijua kuliko mimi. Ila fikiria kwanjula ilivyo. Wasemaji wawili ndio wanaorushiana maneno na mafumbo mchana kutwa, na baba wa binti anaweza kukaa saa nne bila kutamka kitu. Kiti hicho hakidai masikio. Kinadai mtu awepo. Ukimweka mwingine, mzee atapokea ujumbe, na huo hautahitaji kusikika.

Kuahirisha kutakupa muda, na kutawagharimu watu wa mwenzako fedha na maswali. Mimi ningeogopa jambo moja: ukiahirisha kabla ya kujua, utakuwa umetoa tangazo la pili juu ya kichwa cha mzee. Kutuma mjumbe kuna heshima yake, na yule rafiki yake wa jeshini angefaa, wanajua kupigiana kelele. Tatizo la mjumbe ni kwamba anabeba na chake, na jibu atakalorudi nalo utalifasiri tena chumbani kwako. Barua ya karatasi? Kama mzee anasoma, usiidharau. Anaweza kuirudia mara nne bila kumwonea haya mtu. Lakini barua nayo haioni uso wake anapoisoma, isipokuwa umeipeleka mwenyewe na ukakaa.

Kurudi Bombo ndiko kunakokutisha, na ni kweli kuna hatari: unaweza kusikia hapana iliyo wazi. Ukiamua kwenda, nenda siku isiyo na mahema ndani yake. Mwombe azime redio, au muingie ndani. Kaa mbele yake, mwanga uwe usoni kwako, usiongee na muhogo. Sema taratibu kwa sauti nene kidogo, usipige kelele, kelele humfanya mtu ahisi anagombezwa. Tumia Kiswahili chake. Najua kitakuuma ulimi mwalimu mzima kusema "iko kijana moja nataka kuja kuona wewe," lakini hicho ndicho ulichonyonya. Na usimuulize "umesikia?" wala "sawa?", maana jibu lake unalijua. Muulize kitu ambacho sawa haiwezi kukijibu: siku hiyo watakaa wapi? Nani atawapokea langoni? Utajua kilichofika kwa kusikiliza anachokipanga.

Ikidhihirika ni masikio, usitangaze kwenye grupu. Wakati mwingine ni nta tu imejaa, kituo cha afya wanaiosha. Ikiwa zaidi, hospitali ya Mulago, Kampala, kuna kliniki ya masikio. Mwanajeshi hataki kuitwa kiziwi mbele ya watoto wake, kwa hiyo mpeleke kama unampeleka kupimwa presha.

Hapo penye sahihi umeandika "Mwalimu Asiyesikilizwa." Nimeliacha lilivyo, ni jina lako. Ukirudi kutoka Bombo niandikie, hata mistari miwili. Hiyo "ya simu" ya mzee nimeibeba kichwani wiki nzima, nami nataka kujua alikuwa na maana gani.

Shangazi